Kutoka Dansi hadi Ngoma: Polka ya Opera Prodaná nevěsta ya Bedřich Smetana na Usuli Wake wa Kihistoria, 1830–1892

Ikisiri

Insha hii inachunguza usuli wa kihistoria wa polka ya okestra inayofunga tendo la kwanza la opera Prodaná nevěsta (Bibi Harusi Aliyeuzwa) ya mtunzi Mcheki Bedřich Smetana. Kwa muda mrefu polka hiyo imechukuliwa kuwa sauti ya kale ya kijiji cha Bohemia. Insha inaonesha kwamba mtazamo huo haupatani na ushahidi. Aina yenyewe ya polka haikuwa imetimiza miaka 40 opera hiyo ilipotungwa; mtunzi alikuwa amelelewa katika elimu ya Kijerumani; na polka haikuwamo katika opera ilipooneshwa mara ya kwanza mwaka 1866, bali iliongezwa mwaka 1869. Hoja kuu ni kwamba polka hiyo haikuwa alama ya taifa kwa sababu ya ukale wake. Ilikuwa hivyo kwa sababu mtunzi aliichukua dansi ya kumbi za mijini akairudisha jukwaani kama ngoma, yaani tukio la jamii nzima.

1.0 Utangulizi

Katika matamasha ya okestra ulimwenguni, vipande vitatu kutoka Prodaná nevěsta hupigwa mara kwa mara bila waimbaji: polka, furiant na skočná. Kati ya hivyo, polka ndiyo nyepesi zaidi kueleweka na msikilizaji wa mara ya kwanza. Ina mapigo mawili kwa kila kipimo, sauti zake ni wazi, na mwendo wake unazidi kuchangamka hadi mwisho. Wepesi huo wa kueleweka ndio unaoleta tatizo la kihistoria. Muziki unaoonekana hauhitaji maelezo huachwa bila kuelezwa, na nafasi ya maelezo hujazwa na dhana iliyozoeleka. Dhana iliyozoeleka hapa ni kwamba Smetana alikisikiliza kijiji cha Bohemia akaandika alichokisikia.

Dhana ya mapokeo yaliyobuniwa, iliyopata umaarufu kutokana na kitabu kilichohaririwa na Eric Hobsbawm na Terence Ranger mwaka 1983, imewazoesha wanahistoria kuuliza umri halisi wa mambo yanayodaiwa kuwa ya kale. Ranger alikuwa amefundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na mwaka 1975 alitoa kitabu kuhusu beni, ngoma iliyotumia ala na mavazi ya bendi za kijeshi katika Afrika Mashariki. Somo la beni ni muhimu kwa mada hii kwa sababu moja: ngoma inaweza kuwa changa, ikawa na asili iliyochanganyika, na bado ikabeba uzito wa kweli katika maisha ya watu wanaoicheza. Kwa hiyo kuonesha kwamba jambo fulani si la kale si sawa na kuonesha kwamba ni la uongo. Insha hii inasimama juu ya tofauti hiyo.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa zana ya uchambuzi inayofaa. Neno ngoma hutaja kwa pamoja ala inayopigwa, uchezaji wenyewe na mkusanyiko wa watu wanaohusika. Ngoma haina mtazamaji aliye nje kabisa. Neno dansi hutaja uchezaji wa wawili wawili ukumbini, kwa muziki wa bendi, wenye mitindo inayokuja na kupita. Historia ya polka ni historia ya kuhama baina ya hali hizo mbili, na polka ya Smetana haieleweki vizuri mpaka kuhama huko kufuatiliwe hatua kwa hatua.

2.0 Asili ya Polka na Utata Wake

Polka ilijitokeza Bohemia katika miaka ya 1830. Mwaka 1835 mwandishi Jaroslav Langer aliitaja katika makala yake kuhusu nyimbo na ngoma za Wacheki, akiihusisha na krakowiak ya Kipolandi. Huo ni miongoni mwa ushahidi wa mwanzo wa maandishi, nao tayari unaielekeza polka nje ya mipaka ya Bohemia. Jina lenyewe linabishaniwa. Wapo wanaolitoa katika neno la Kicheki půlka, lenye maana ya nusu, kwa kuwa mguu hupiga hatua fupi za nusu. Wengine wanalihusisha na jina la mwanamke wa Kipolandi kwa Kicheki, wakikumbusha jinsi Wacheki wengi walivyowahurumia Wapolandi baada ya maasi yao dhidi ya Urusi ya 1830 na 1831.

Sambamba na mjadala huo ipo simulizi mashuhuri. Inasemwa kwamba takriban mwaka 1830 msichana mmoja mtumishi, aliyeitwa Anna, alikuwa akicheza na kuimba peke yake kwa hatua alizozibuni mwenyewe, na mwalimu wa shule, Josef Neruda, akauandika wimbo wake. Mtafiti Zdeněk Nejedlý, aliyeandika kwa upana kuhusu Smetana na zama zake, aliitilia shaka simulizi hiyo. Kwa mwanahistoria, simulizi kama hiyo ina thamani hata kama haithibitishiki. Inamweka msichana wa kijijini upande mmoja na mwalimu mwenye kalamu upande mwingine, kisha inaifanya polka izaliwe pale wawili hao wanapokutana. Hivyo inakidhi haja ya zama zilizotaka taifa litoke kwa wakulima lakini lithibitishwe na wasomi.

Jambo lisilo na ubishi ni kasi ya kuenea kwake. Mwishoni mwa miaka ya 1830 polka zilikuwa tayari zinatungwa na kuchapishwa kwa ajili ya piano, na František Hilmar, mwalimu wa shule, alipata jina kwa polka yake iliyoitwa Esmeralda. Mwaka 1839 polka ilifika Vienna, na mwaka 1840 mwalimu wa dansi aliyetoka Prague aliicheza jukwaani Paris. Kufikia mwaka 1844 ilikuwa imeyatawala maisha ya kumbi za Paris na London. Walimu wa dansi walishindana kufundisha hatua zake, na wachapishaji wakauza maelfu ya kurasa za muziki wake.

Kwa hiyo, chini ya miaka 15 tangu kujitokeza kwake, polka ilikuwa imekwisha kuwa dansi katika maana kamili ya neno hilo. Ilichezwa na wawili wawili, ilifundishwa kwa malipo, ilitegemea bendi, na haikuwa mali ya mahali popote. Kijana wa Paris aliyeicheza hakuhitaji kujua Bohemia iko wapi. Atakayesema kwamba Smetana aliikuta polka kijijini, basi, atalazimika kueleza kwa nini hakuikuta kwanza mjini.

3.0 Mtunzi Baina ya Lugha Mbili

Bedřich Smetana alizaliwa tarehe 2 Machi 1824 katika mji wa Litomyšl, mtoto wa mtengenezaji wa bia aliyefanya kazi katika milki za makabaila. Familia ilikuwa na nafasi nzuri, na elimu aliyoipata mtoto huyo ilitolewa kwa Kijerumani, lugha ya serikali, shule na watu wenye hadhi katika Dola ya Austria. Polka za kwanza alizoziandika, ikiwamo Louisina polka ya mwaka 1840, zilitoka katika mazingira ya vijana wa mjini waliopenda kucheza dansi. Alikuwa na umri wa miaka 16, na alikuwa akifuata mtindo wa wakati wake kama walivyofanya vijana wengine kote Ulaya.

Mapinduzi ya 1848 yalimgusa moja kwa moja. Alitunga maandamano ya muziki kwa ajili ya vikosi vya wananchi, akashiriki katika matukio ya Prague, na akashuhudia jeshi la dola likiyazima. Miaka ya 1850 iliyofuata ilikuwa miaka ya utawala wa mkono wa chuma, na nafasi za mwanamuziki kijana zilikuwa finyu. Mwaka 1856 aliondoka kwenda Göteborg, Uswidi, alikofundisha na kuongoza kwaya na okestra hadi mwaka 1861.

Uhamishoni huko, polka ilianza kubadilika mikononi mwake. Katika mikusanyo ya piano aliyoiandika karibu na mwaka 1860 chini ya anwani yenye maana ya kumbukumbu za Bohemia, polka haiandikwi tena kwa ajili ya miguu ya wachezaji. Mwendo wake hupungua na kuongezeka, na mapigo yake hukatizwa na vituo vya kutafakari. Ni polka ya mtu anayekumbuka wengine wakicheza. Frédéric Chopin alikuwa amekwisha kuonesha kwa mazurka jinsi dansi inavyoweza kubebeshwa hisia za nchi iliyo mbali, na Smetana alikifahamu vizuri kielelezo hicho. Hivyo wazo la polka kama ishara ya nyumbani halikuzaliwa kijijini Bohemia, bali katika mji wa bandari wa Uswidi.

Katika kipindi hichohicho mtunzi alianza kujifunza upya lugha ya wazazi wake. Mwaka 1860, katika barua aliyomwandikia Ludevít Procházka, aliomba radhi kwa makosa ya Kicheki chake, akieleza kwamba tangu utotoni alikuwa amesomeshwa kwa Kijerumani na hivyo hakuizoea lugha yake. Alikuwa na umri wa miaka 36. Ukweli huu usichukuliwe kuwa aibu ya mtu mmoja tu. Ilikuwa hali ya kawaida ya tabaka la wasomi wa Bohemia wa kizazi chake, ambao walilazimika kujifunza kwa juhudi lugha waliyodai kuwa msingi wa utaifa wao.

4.0 Opera Bila Polka, 1866

Diploma ya Oktoba ya 1860, ambayo kwayo mfalme wa Austria aliahidi utawala wa kikatiba, ilifungua mlango kwa shughuli za kitaifa. Tarehe 18 Novemba 1862 Ukumbi wa Muda wa michezo ya Kicheki ulifunguliwa Prague, ukisubiri kujengwa kwa Ukumbi wa Taifa. Jengo lilikuwa dogo na okestra yake ilikuwa ndogo pia. Miongoni mwa wapigaji wa viola alikuwamo kijana Antonín Dvořák, aliyebaki humo hadi mwaka 1871.

Swali la wakati huo lilikuwa hili: opera ya Kicheki itatokana na nini? Mwanasiasa František Ladislav Rieger alishikilia kwamba opera ya kuchekesha ya kitaifa lazima ijengwe juu ya nyimbo za wananchi. Smetana alipinga. Kwa maoni yake, kuunganisha nyimbo za vijijini kungezaa mchanganyiko wa vipande visivyo na umoja wa kisanaa. Mjadala huu ni muhimu kwa mada ya insha, kwa sababu unaonesha kwamba mtu aliyekuja kusifiwa kwa kunakili sauti ya wananchi alikuwa amekataa waziwazi kuinakili. Polka ya Prodaná nevěsta ni muziki uliotungwa na Smetana mwenyewe.

Matini ya opera hiyo iliandikwa na Karel Sabina, mwandishi aliyefungwa kwa miaka kadhaa kwa harakati za kimapinduzi baada ya 1848. Mwaka 1872 ilifichuka kwamba baada ya kufunguliwa alikuwa akiwapelekea polisi habari za siri. Kisa alichokiandika ni chepesi. Mařenka anampenda Jeník, lakini wazazi wake na mshenga Kecal wanataka aolewe na mtoto wa Micha. Jeník anakubali kupokea zlatý 300 na kutia saini kwamba Mařenka ataolewa na mtoto wa Micha tu. Kijiji kinamlaani kwa kumuuza mchumba wake, mpaka inapobainika kwamba yeye mwenyewe ni mtoto wa kwanza wa Micha, aliyepotea zamani.

Opera ilioneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Mei 1866, mtunzi akiongoza okestra. Ilikuwa na matendo mawili, na nyimbo zake ziliunganishwa kwa mazungumzo ya kawaida. Watazamaji walikuwa wachache. Vita baina ya Austria na Prussia vilikuwa vinanukia, na wiki chache baadaye vilianza; tarehe 3 Julai jeshi la Austria lilishindwa vibaya karibu na Königgrätz, katika ardhi ya Bohemia yenyewe, na Prague ikakaliwa na Waprussia. Katika opera hiyo ya Mei hapakuwa na polka ya tendo la kwanza, wala furiant, wala skočná. Vipande vitatu ambavyo leo ulimwengu unaitambua opera hiyo kwavyo havikuwepo.

5.0 Marekebisho ya 1869

Hatua ya kwanza ya kuongeza uchezaji ilikuwa ya haraka na haikuwa na dhamira kubwa. Opera iliporudi jukwaani Oktoba 1866, iliingizwa ngoma iliyochukuliwa kutoka katika opera ya kwanza ya Smetana, Braniboři v Čechách. Kitendo hicho kinaonesha kwamba mwanzoni nafasi ya ngoma ilikuwa nafasi ya burudani ya macho, ambayo muziki wowote wenye uchangamfu ungeweza kuijaza. Mapema mwaka 1869 kipande hicho kiliondolewa na mahali pake pakawekwa polka mpya. Kufikia Juni 1869 opera ilikuwa imepangwa upya katika matendo matatu, polka ikifunga tendo la kwanza, furiant ikiwa katika tendo la pili, na skočná ya wanasarakasi katika tendo la tatu. Mwaka 1870 mazungumzo ya kawaida yalibadilishwa kuwa mazungumzo ya kuimbwa, na opera ikafikia umbo lake la mwisho.

Kwa nini polka, na kwa nini wakati huo? Jibu la kwanza ni la kiufundi. Wapenzi wa opera walipenda kuona watu wakicheza, na Smetana, ambaye tangu vuli ya 1866 alikuwa kiongozi mkuu wa okestra ya ukumbi huo, alijua kinachowavuta. Jibu hili ni sahihi lakini halitoshi, kwa kuwa linaeleza kuwepo kwa ngoma bila kueleza aina ya ngoma wala mahali ilipowekwa.

Jibu la pili linahitaji kutazama hali ya kisiasa. Mwaka 1867 dola iligawanywa upya kwa mapatano yaliyowapa Wahungari hadhi sawa na Austria, huku Wacheki wakiachwa bila chochote. Mwaka 1868 ulijaa majibu ya Wacheki. Tarehe 16 Mei jiwe la msingi la Ukumbi wa Taifa liliwekwa mbele ya umati mkubwa, na opera ya Smetana iitwayo Dalibor ilioneshwa kwa mara ya kwanza jioni hiyohiyo. Mikutano mikubwa ya hadhara iliyoitwa tábory ilifanyika vilimani na mashambani kudai haki za nchi. Oktoba 1868 serikali ilitangaza hali ya hatari mjini Prague, na hali hiyo ilikuwa bado ipo mwanzoni mwa 1869.

Hakuna haja ya kudai kwamba Smetana aliingiza polka ili kuikejeli hali ya hatari. Dai kama hilo lingepita mipaka ya ushahidi. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba watu walioketi ukumbini mwaka 1869 walikuwa wametoka katika mwaka ambao mkusanyiko wa watu uwanjani ulikuwa umepata maana mpya. Mbele yao, jukwaani, walioneshwa uwanja wa kijiji ukijaa watu wanaokusanyika kwa hiari yao na kwa furaha yao. Tukio hilo lililosikika kama burudani mwaka 1866 halingeweza kusikika vilevile miaka mitatu baadaye.

6.0 Polka Jukwaani

Mahali ambapo polka imewekwa panaonesha dhamira ya kisanaa. Katika tendo la kwanza, mshenga Kecal ametawala mazungumzo kwa maneno mengi. Mařenka amekataa kuolewa na asiyemtaka, na mkataba wa zamani wa baba yake umetajwa kama hoja dhidi yake. Kila mmoja anazungumza kuhusu mali, ahadi na maandishi. Kisha wazee wanaondoka, watu wa kijiji wanaingia, na polka inaanza. Haisongezi kisa mbele hata hatua moja. Hakuna siri inayofichuka wala uamuzi unaotolewa. Kinachotokea ni kwamba jamii, ambayo hadi hapo imetajwa tu kama jambo linalopaswa kuogopwa, inajitokeza yenyewe.

Muziki unaanza kwa vifungu vifupi vya kusitasita, mithili ya watu wanaotafuta wenzao wa kucheza nao, kabla ya wimbo mkuu kushika mwendo. Okestra huongezeka nguvu kwa awamu, na baadaye kwaya huingia ikiimba juu ya mapigo yaleyale ambayo wachezaji wanayafuata. Hapo ndipo tofauti baina ya dansi na ngoma inapodhihirika. Katika ukumbi wa dansi, anayepiga hachezi na anayecheza haimbi. Katika polka hii okestra, waimbaji na wachezaji wanaunganishwa katika tukio moja, na hakuna kundi lililoachwa kuwa mtazamaji. Kipande hiki kinapopigwa katika matamasha bila kwaya, kinabaki na uchangamfu wake lakini kinapoteza sehemu hiyo ya maana yake, na kinarudi nusu ya njia kuelekea kwenye dansi.

Lipo pia suala la lugha. Kicheki huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno, tofauti na Kiswahili ambacho huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wachambuzi wamekwisha kubainisha kwamba sehemu nyingi za kuimbwa katika Prodaná nevěsta zinaweka mkazo wa muziki mahali pasipostahili. Sababu zake ni mbili: mizani ya mashairi ya Sabina, na Kicheki cha mtunzi ambacho kilikuwa bado hakijakomaa. Polka, kwa kawaida yake, huanza kwenye pigo la kwanza lenye nguvu. Kwa hiyo umbo la ngoma hiyo linawiana na mkazo wa lugha kwa namna ambayo nyimbo nyingine za opera haziwiani nao. Yaani, mtunzi ambaye alikuwa bado anatafuta njia ya kuandika Kicheki bila kosa alipata katika mapigo ya polka lafudhi ambayo haikumkosesha.

Hoja hii inaeleza pia kwa nini polka haikuachwa na Smetana baada ya opera hiyo. Katika Vltava ya 1874 inasikika polka ya harusi ya wanakijiji kando ya mto. Mwaka huohuo alipoteza uwezo wa kusikia. Miaka miwili baadaye, katika kwartet ya nyuzi aliyoipa jina lenye maana ya kutoka maishani mwangu, sehemu ya pili iliandikwa kwa mtindo wa polka ili kukumbuka ujana wake wa kupenda dansi. Kwa kiziwi aliyeandika kwartet hiyo, polka ilikuwa kumbukumbu katika maana mpya na chungu zaidi.

7.0 Kutoka Prague hadi Vienna, 1870–1892

Baada ya kufikia umbo lake la mwisho, opera ilipendwa polepole mjini Prague, na tarehe 5 Mei 1882 ilioneshwa kwa mara ya 100. Katika sherehe hiyo Smetana aliishangaza hadhira yake kwa kuiita opera hiyo mchezo wa kitoto tu, aliouandika ili kuwajibu waliomshutumu kuwa mfuasi wa Richard Wagner asiyeweza kuandika jambo jepesi. Maneno hayo yanaweza kuchukuliwa kuwa unyenyekevu, au uchungu wa mtunzi aliyetaka opera zake nzito kama Dalibor na Libuše zithaminiwe zaidi. Kwa vyovyote vile, si maneno ya mtu anayeamini kwamba alikuwa amenakili nafsi ya taifa.

Smetana alifariki tarehe 12 Mei 1884. Miaka minane baadaye, mwaka 1892, wasanii wa Ukumbi wa Taifa wa Prague waliipeleka opera hiyo kwenye Maonesho ya Kimataifa ya Muziki na Tamthilia mjini Vienna. Mafanikio yalikuwa makubwa, na kuanzia hapo kumbi za lugha nyingine ziliitaka. Mwaka 1909 ilifika New York, katika ukumbi wa Metropolitan, chini ya uongozi wa Gustav Mahler, ikiimbwa kwa Kijerumani.

Tukio la Vienna lina maana mbili zinazovutana. Kwa upande mmoja, mji mkuu wa dola iliyowanyima Wacheki hadhi ya kisiasa uliwapa heshima ya kisanaa. Kwa upande mwingine, heshima hiyo ilitolewa kwa masharti yasiyotamkwa. Hadhira ya Vienna, iliyokuwa imecheza polka katika kumbi zake kwa zaidi ya miaka 50, sasa ilikubali kuiona polka kama jambo la kijiji cha mbali, la kupendeza na lisilo na madai. Maneno ya opera yangeweza kutafsiriwa, na yalitafsiriwa. Ngoma zake hazikuhitaji tafsiri. Kwa sababu hiyohiyo ndizo zilizokuwa rahisi kutenganishwa na kisa, lugha na mwaka 1869, zikawa picha ya furaha ya kale isiyo na tarehe. Dhana iliyotajwa mwanzoni mwa insha hii, ya kijiji kinachojisemea chenyewe, ilipata nguvu zake nyingi katika safari hiyo ya nje.

8.0 Hitimisho

Ushahidi uliojadiliwa unaonesha mambo matatu. Kwanza, polka ya Prodaná nevěsta ilitoka katika aina changa ya muziki ambayo asili yake ilibishaniwa tangu mwanzo, na ambayo ilikuwa imekwisha kuwa dansi ya Ulaya nzima kabla ya Smetana kufikisha umri wa miaka 21. Pili, polka hiyo iliingia katika opera kwa kuchelewa, baada ya majaribio, katika kipindi ambacho mkusanyiko wa watu ulikuwa suala la kisiasa Bohemia. Tatu, nguvu yake ya kitaifa haikutokana na nyimbo zilizonakiliwa kijijini. Ilitokana na mahali ilipowekwa katika kisa, namna ilivyounganisha okestra, kwaya na wachezaji, na jinsi mapigo yake yalivyowiana na mkazo wa lugha ya Kicheki.

Kwa upande wa nadharia, kisa hiki kinadai tahadhari pande zote mbili. Anayesema kwamba polka hii ni urithi wa kale anapingwa na tarehe. Anayesema kwamba, kwa kuwa si ya kale, ni uzushi wa wasomi, hana jibu kwa watu wa Prague waliojaza ukumbi hadi onyesho la 100 wakijitambua katika ngoma ambayo wengi wao waliijua kutoka mjini. Smetana hakuwarudishia walichokuwa wamekipoteza. Aliichukua dansi waliyokuwa wakiicheza wawili wawili, akawaonesha jinsi ya kuicheza wote kwa pamoja.